Nikisomea kisukari na nibaki Kisumu, nitakuwa nimejizika?

"Daktari, salamu kutoka Kisumu. Nina miaka 28, nilimaliza intanshipu miaka miwili iliyopita na sasa niko hospitali ya kaunti ndogo. Mama yangu ni mkulima wa miwa upande wa Muhoroni. Mwaka jana alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti kwa sababu ya kidonda cha sukari. Tangu hapo nimeamua kuwa bingwa wa kisukari na nifundishe chuo kikuu. Lakini wenzangu wananiambia kisukari ni kazi ya kuandika vidonge vya metformin tu, nisomee upasuaji nipate pesa. Mjomba wangu anasema daktari anayegeuka mwalimu amejizika. Wengine wanasema bila ng'ambo na bila PhD siwezi kuitwa mtafiti. Ni miaka mingapi iko mbele yangu? Na kweli mtu anaweza kufanya utafiti wa maana akiwa huku kwetu?"

Daktari mwenzangu, pole sana kwa mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale kwenye mguu. Nitarudi kwa mama kabla sijaweka kalamu chini, maana swali lako la kazi na ule mguu uliobaki ni jambo moja.

Nikikuelewa, umebanwa pande tatu. Wenzako wanasema kazi hii ni nyepesi mno. Mjomba anasema mwalimu si daktari tena. Na kuna wanaosema elimu iko ng'ambo, huku kwetu tunaipokea tu. Mimi ni bingwa wa magonjwa ya ndani, kisukari ndicho nilichobobea, na nimefundisha katika ukanda huu wa ziwa muda wa kutosha kuwaona waliokuwa wanafunzi wangu wakifundisha wengine. Nitakujibu kama ninavyomjibu rejista wangu, daktari anayesomea ubingwa, tukiketi baada ya raundi, bila kukupamba na bila kukutisha.

Tuanze na metformin. Najua wenzako wametoa wapi maneno yao. Ni kliniki ya sukari siku ya Jumanne, foleni imetoka nje hadi chini ya mwembe, daktari ni mmoja. Mgonjwa anaingia, unatazama sukari ya asubuhi kwenye kijitabu chake, unanakili dawa za mwezi uliopita, "mama, punguza ugali," mwingine aingie. Dakika nne. Ukifanya hivyo miaka mitano utaamini kweli kwamba kisukari ni kuandika. Lakini yanayoendelea mwilini mwa yule mama wakati wewe unanakili ni makubwa kuliko kijitabu.

Sukari ikizidi kwenye damu haikai tu ikingoja kupimwa. Hujibandika kwenye protini za mwili, polepole, kama utomvu wa ndizi unavyoganda kwenye vidole. Ndiyo maana kipimo cha HbA1c kinafanya kazi: kinahesabu ni sehemu gani ya hemoglobini imeshabandikwa sukari, na kwa kuwa chembe nyekundu huishi kama siku 120, unasoma habari za miezi miwili mitatu iliyopita. Kwenye vijishipa vya jicho, vichujio vya figo na vile vinavyolisha neva, madhara hujilimbikiza vivyo hivyo, ila huko hakuna chembe mpya inayokuja kila baada ya miezi minne kuchukua nafasi ya iliyoharibika. Neva zinazofika kwenye vidole vya miguu ndizo ndefu kuliko zote, kwa hiyo huanza kufa kuanzia ncha. Na neva ikishakufa haipigi kelele. Mgonjwa hufurahi kwamba yale maumivu ya kuchomachoma ya usiku yameisha, kumbe kilichoisha ni ulinzi.

Mzee mmoja, mvuvi wa zamani kutoka upande wa Dunga, aliingia chumbani kwangu akitembea vizuri kabisa. Shida yake ilikuwa macho. Nilimwomba avue akala. Kwenye kisigino cha kulia msumari wa akala ulikuwa umepenya mpira na kuingia nyamani, na damu imekauka kuuzunguka, nyeusi. Alikuwa ametembea hivyo siku nne. Mkewe aliona doa sakafuni, akalipiga deki, basi. Yeye mwenyewe hakusikia kitu.

Kwenye mfuko wa koti langu kuna uzi wa nailoni uliotiwa kwenye kishikio, unaitwa monofilamenti. Ukiubonyeza kwenye ngozi, hupinda unapofikia gramu 10, na hapo unauondoa. Mgonjwa hufumba macho na kusema "ee" kila akiguswa. Chini ya kidole gumba, ee. Chini ya kidole cha kati, ee. Chini ya kidole kidogo, kimya. Unabonyeza tena, kimya. Katika kimya hicho umeshajua mguu gani uko njiani kukatwa, na bado una miaka ya kuuzuia. Kazi nzima haifiki dakika tatu. Niambie, katika kliniki zote ulizopita tangu uwe mwanafunzi, ni ngapi ulikoona mgonjwa akivuliwa viatu?

Nayo metformin usiione ndogo. Asili yake ni mmea wa Ulaya, Galega officinalis, na Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyechapisha habari za kuwatibu nayo wagonjwa wa kisukari mwaka 1957. Ilipita miaka mingine 41 kabla ya kuthibitishwa kwamba inaokoa maisha. Waingereza walianza mwaka 1977 utafiti uitwao UKPDS, ukiongozwa na Robert Turner wa Oxford. Waliandikisha wagonjwa 5,102 waliokuwa wamegunduliwa kisukari karibuni, wakawafuata hadi 1997, majibu yakatoka 1998. Miongoni mwa wagonjwa wanene, waliopewa metformin vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 36 kuliko vya waliotibiwa kwa njia ya kawaida ya wakati huo, yaani chakula kwanza. Kisha likaja jambo ninalolifundisha polepole kuliko mengine yote. Utafiti ulipokwisha, sukari za makundi yote zililingana ndani ya mwaka mmoja tu, lakini miaka 10 baadaye wale waliotunzwa vizuri mwanzoni bado walikuwa na nafuu ya macho, figo na moyo. Mwili ulikuwa umekumbuka.

Ndiyo maana nasema huu ni ugonjwa wa miaka, na anayeuweza ni daktari anayekaa. Mpasuaji ana siku yake ya ushindi: mgonjwa ameshonwa, ameamka, ameenda nyumbani. Ushindi wetu ni mama wa miaka 70 mwenye vidole vyote kumi, na hakuna atakayekupongeza kwa ajili yake kwa sababu hakuna kilichotokea. Kama roho yako inahitaji makofi, nakwambia kwa upendo, sikiliza wenzako ukasomee upasuaji, nao tunauhitaji sana. Kama unaweza kuishi na ushindi usioonekana, endelea kusoma.

Sasa hili la ng'ambo. Kwenda ni vizuri, mimi mwenyewe nilijifunza mengi kwa kukaa miezi kadhaa katika kliniki za watu wengine. Lakini usichanganye kupata ujuzi na kupata swali. Donald McLarty alikuwa Mskoti, profesa wa tiba pale Muhimbili, Dar es Salaam. Yeye na wenzake Watanzania, akiwemo Andrew Swai, waliwaandikisha wagonjwa wapya wa kisukari jijini humo kuanzia 1981 hadi 1987 na kufuatilia nani anaishi na nani anakufa. Wakaenda pia vijijini, vijiji 6, wakawapima watu wazima sukari, na mwaka 1989 wakachapisha katika jarida la Lancet kwamba huko kisukari kilikuwa kwa takriban mtu 1 kati ya 100. Tazama walichokuwa nacho: daftari la kliniki, wanavijiji waliokubali kutolewa damu, na subira. Huyo Mskoti hakurudi kwao kutafuta sayansi. Alikuja Muhimbili akaikuta inamngoja kwenye foleni.

Nawe inakungoja. Nikuonyeshe maswali yaliyolala mlangoni pako.

Ukanda wa ziwa una malaria, na kwa sababu ya malaria una watu wengi waliorithi selimundu, yaani sickle cell, ama ugonjwa wenyewe ama ile hali ya kubeba nusu yake bila kuugua. Niliwahi kumtibu mwalimu mmoja ambaye HbA1c yake ilisomeka asilimia 5.6, safi kabisa, huku sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 13. Rejista wangu alilaumu kipima sukari, tukapima kwa kingine, ikawa vilevile. Tatizo lilikuwa damu. Chembe zake nyekundu zilikuwa zikivunjika mapema, hazikuishi muda wa kutosha kubandikwa sukari, kwa hiyo kipimo kilikuwa kikimsifu mtu anayeangamia. Hata wale wanaobeba selimundu bila kuugua, utafiti wa Wamarekani weusi uliochapishwa 2017 ulionyesha HbA1c yao husomeka chini kwa kama 0.3 ikilinganishwa na wenzao wenye sukari ileile. Upungufu wa madini ya chuma, ambao umejaa kwa akina mama wetu, huelekea kuipandisha. Kitabu kinasema mpaka wa kisukari ni 6.5. Mpaka huo unamfaa nani Siaya, na unamdanganya nani? Hilo peke yake linaweza kukulisha miaka kumi ya kazi, na wagonjwa wake wameketi kwenye benchi lako Jumanne hii.

Au chukua virusi vya Ukimwi. Kisumu, Siaya na Homa Bay tuna maelfu ya watu wanaozeeka wakitumia dawa, jambo ambalo miaka ya tisini hatukuthubutu kuliota, na sasa wanafika umri wa kisukari. Wengi wako kwenye dolutegravir. Dawa hiyo hupandisha kiwango cha metformin mwilini, ndiyo maana tunashauriwa tusipitishe miligramu 1,000 za metformin kwa siku kwa mgonjwa anayeitumia. Tena madaktari wa Kampala waliripoti wagonjwa waliobadilishiwa dawa hiyo na muda mfupi baadaye wakapandwa na sukari vibaya sana. Nani anafuatilia jambo hilo hapa, mgonjwa kwa mgonjwa, katika kliniki mbili, ya Ukimwi na ya sukari, ambazo mara nyingi ziko jengo moja na hazisemezani?

Kuna na hili la insulini bila friji. Mama mmoja wa Nyakach alinionyesha anavyoihifadhi. Nyungu ndogo ndani ya nyungu kubwa, katikati mchanga anaoumwagilia maji asubuhi na jioni, kitambaa kibichi juu. Nilitia mkono ndani, kulikuwa na ubaridi wa kisima. Kwa miaka mingi tuliwaambia watu kama yeye kwamba bila friji insulini inaharibika, na wengine wakaacha kudungwa. Kisha Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva wakafuata joto halisi la nyumba za Dadaab, kati ya nyuzi 25 na 37, wakaiweka insulini katika joto hilo la kupanda na kushuka kwa wiki 4, na mwaka 2021 wakachapisha kwamba nguvu yake haikutofautiana na ya iliyokaa kwenye friji. Jibu hilo lilitoka kwenye jua la Kenya. Yule mama wa Nyakach alikuwa amelijua kabla yao, ila hakuwa na mtu wa kumwandikia.

Tena usidhani utakuwa wa kwanza. Eldoret, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya huko na vyuo vya Amerika Kaskazini, ule uitwao AMPATH, umekuwa ukifanya kazi ya namna hii kwa miaka mingi. Utafiti wao mmoja uliochapishwa 2021, wa watu 2,890 wa magharibi mwa Kenya wenye kisukari au presha, uliwaweka wagonjwa kwenye vikundi vya matibabu na kuvifungamanisha na chama cha akiba na mikopo. Presha ilishuka katika makundi yote, na ikashuka zaidi kidogo pale palipokuwa na vyote viwili, matibabu ya kikundi na chama. Tofauti haikuwa kubwa, na waliisema hivyo ilivyo. Nami huupenda hasa kwa hilo, kwamba walianzia kwenye kitu ambacho akina mama wetu walikuwa wanakifanya tayari chini ya mti, wakakipima kwa haki.

Miaka. Umeshamaliza 6 ya shahada na 1 ya intanshipu. Iliyobaki ni ya shahada ya uzamili ya magonjwa ya ndani, MMed, miaka 3 hadi 4 kulingana na chuo: Nairobi, Moi, Aga Khan. Kuna na njia ya ECSACOP, chuo cha madaktari wa ndani wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambayo ni miaka 4 ukiwa unafanya kazi katika hospitali iliyoidhinishwa, hulazimiki kuhamia chuoni. Baada ya hapo ni felo, yaani mafunzo ya ubingwa wa juu, ya miaka 2 ya kisukari na homoni, nayo Chuo Kikuu cha Nairobi wanaitoa. Ujue utasomea pia tezi ya shingo, tezi za juu ya figo na mengine ya homoni, hutaona sukari pekee. Ukianza mwakani, utakuwa na miaka 35 hivi. Mtu atakuambia ni mingi. Lakini kumbuka hutakuwa umekaa ukingoja. Kila siku ya miaka hiyo utakuwa wodini.

PhD usiikimbilie. Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. MMed na felo ndizo zinazokufanya bingwa mbele ya mgonjwa na mbele ya baraza la madaktari. PhD inakufundisha kuuliza na kujibu swali moja hadi mwisho. MMed yenyewe ina tasnifu, na ukiifanya kwa moyo badala ya kuifanya ili iishe, utajua kama una kiu ya PhD au huna. Wapo maprofesa wazuri sana wa tiba ambao hawakuwahi kuifanya. Ukiwa na kiu hiyo, fanya ukishakuwa na swali lako, usiende kuazima la mtu.

Mjomba wako namheshimu, anaogopa usife maskini. Ila amekosea kuhusu mwalimu. Msichana wa miaka 13 aliletwa wodini siku moja akiwa ametapika siku mbili, anapumua haraka na kwa kina kama aliyepanda mlima Kisian mbio. Alikotoka walikuwa wamempa dawa za malaria, kisha za taifodi. Tulikuwa kwenye raundi, watu wanane kuzunguka kitanda, tunajadili mapafu yake. Mwanafunzi wa mwaka wa tano aliyesimama nyuma kabisa akauliza kwa sauti ya chini, "Sukari yake ni ngapi?" Hakuna aliyekuwa amepima. Kipima sukari hakikutoa namba, kiliandika HI, maana yake imepita uwezo wa mashine. Alikuwa na kisukari cha aina ya kwanza, kongosho limeacha kutoa insulini, mwili unachoma mafuta na damu imegeuka tindikali. Tulimpa maji na insulini usiku kucha. Aliishi. Yule mwanafunzi sasa ni daktari kaunti nyingine, na swali lile alienda nalo. Mimi siwezi kuwa kwenye wodi ya Lodwar na ya Migori usiku mmoja. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu Wakenya wazima 9 kati ya 10 hawajawahi kupimwa sukari maishani, na idadi kama hiyo haipunguzwi na bingwa mmoja aliyejifungia kwenye kliniki yake. Hupunguzwa na madaktari, wauguzi na maafisa wa kliniki waliofundishwa kuuliza. Nao wanafundishwa hapa: Maseno wanaleta wanafunzi wao pale Jaramogi Oginga Odinga, hospitali ambayo wazee bado wanaiita Russia, Egerton wako Nakuru, Masinde Muliro wako Kakamega. Walimu wa kitandani hawatoshi popote kati ya hapo.

Pesa, nikuambie wazi. Mpasuaji au daktari wa ganzi atakupita, na atakupita mapema. Karo ya MMed ni mamia ya maelfu kwa mwaka. Kuna njia mbili kuu. Ukipewa likizo ya masomo na kaunti unaendelea kupata mshahara, lakini unafungwa bondi ya kurudi kuitumikia. Ukijilipia uko huru, lakini miaka hiyo utaishi kwa lokamu, vibarua vya udaktari vya usiku na wikendi, na nimeona rejista wakisinzia wakimpima mgonjwa. Mimi nilichukua njia ya kwanza, na mwajiri wangu wa wakati huo alisimamisha mshahara wangu miezi kadhaa kwa sababu barua ya likizo ilikuwa haionekani kwenye faili. Kwa hiyo kila ahadi iombe kwa maandishi, upigiwe muhuri, uweke nakala tatu. Uwe tayari pia kwa migomo. Ule wa 2016 hadi 2017 ulienda siku 100, na ule wa 2024 siku 56. Ukiwa mwalimu utakuwa na waajiri wawili, chuo na hospitali, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye anayekulipa vizuri. Kupanda kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa kunategemea sana machapisho, na muda wa kuandika hakuna atakayekutengea. Utauiba alfajiri. Nimeishi hivyo na sijuti, lakini mwenzi wa maisha na watoto nao wana haki ya kuulizwa mapema.

Ushauri wangu wa vitendo ni mdogo. Nunua daftari kubwa la kurasa ngumu. Kuanzia Jumanne ijayo, kila mgonjwa wa kisukari unayemwona mpe mstari mmoja: umri, mwaka aliogundulika, dawa, sukari, presha, na matokeo ya monofilamenti kwa kila mguu. Uzi wenyewe hauna bei ya kutisha. Daftari likae kwenye kabati lenye kufuli la hospitali, na jina la mgonjwa lisiwemo, weka namba. Ukitaka kuyatumia kwa utafiti, kwanza pata kibali cha kamati ya maadili na cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, usianze kuchapisha habari za watu bila ruhusa. Lakini hata kabla ya utafiti wowote, baada ya miezi sita daftari hilo litakuambia wagonjwa wako wangapi wana miguu isiyosikia, na utakuwa umeanza kuwatibu tofauti. Ukienda kuhojiwa kwa nafasi ya MMed, litakuombea kuliko barua yoyote ya mapendekezo.

Yapo mambo siwezi kukumalizia kwa barua. Kuhusu nafasi na masharti ya mwaka huu, nenda mwenyewe ukamwone mkuu wa idara ya magonjwa ya ndani, umwombe raundi mbili tatu uandamane naye. Utajifunza zaidi kwa kumtazama anavyomsikiliza mgonjwa kuliko kwa kusoma tovuti ya chuo. Masharti ya bondi mpelekee mtu anayejua sheria za kazi kabla hujatia sahihi. Na kuna la tatu, naliweka kwa upole. Umeamua haya mwaka uleule mama alipokatwa mguu. Si sababu mbaya, wengi wetu tuliingia kazi hii kupitia mlango wa nyumbani. Lakini kila mguu utakaoushika utakuwa wa mama, na iko siku utaupoteza mmoja. Kama bado unaota ile siku ya hospitali, au unajilaumu kwamba ulikuwa daktari na hukuona, tafuta mshauri nasaha uketi naye ana kwa ana kabla ya kuanza miaka sita mingine. Mimi nilichelewa kufanya hivyo.

Sasa mama. Aliyepoteza mguu mmoja kwa kisukari, wa pili uko hatarini kuliko wa mtu mwingine yeyote, kwa kuwa sasa ndio unaobeba mwili wote na neva zake ni zilezile. Ukifika Muhoroni wikendi hii, chukua kioo cha kunyolea, mketishe kwenye mwanga wa mlango, uinue ule mguu wa kulia utazame unyayo wote na katikati ya kila kidole. Ingiza mkono ndani ya kiatu chake uhisi kama kuna msumari, changarawe au mshono uliosimama. Pima mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo. Asitembee shambani bila kiatu kilichofunika vidole, na asikanyage maji ya moto wala kuota moto miguu, kwa sababu hatasikia akiungua. Ukiona ngozi imebadilika rangi, lengelenge, joto upande mmoja, harufu, au kidonda hata cha ukubwa wa punje ya mtama, usiagize dawa ya kupaka wala usingoje tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi. Mlete siku hiyohiyo, hata ikiwa Jumapili, na ukifika mapokezi sema ni mguu wa kisukari kabla hujasema jina lake.